Kanuni ya kelele kwa jengo la wakazi: saa za utulivu, kipimo cha desibeli au kigezo cha usumbufu?

Kamati nyingi za wakazi wa nyumba za ghorofa huketi kuzungumzia kelele baada ya ugomvi kutokea. Mtu amegongewa mlango saa saba usiku na kujibu kwa ukali, kufikia asubuhi kundi la WhatsApp limechafuka, na jioni mwenyekiti anadaiwa kanuni. Kinachoandikwa kwa haraka hiyo huwa ni tangazo la mstari mmoja linalobandikwa kwenye lifti, likisema kwamba kelele zimepigwa marufuku baada ya saa nne usiku. Tangazo kama hilo huenda likatosha kwa jengo lenye watu wanaojuana. Kwingineko halimalizi hata mwezi, kwa sababu walioliandika hawakujiuliza kelele ni nini hasa, nani atakayeithibitisha, na mpiga kelele atafanywa nini akikaidi.

Makala haya yanazilinganisha aina tatu za kanuni ambazo kamati inaweza kuchagua. Ya kwanza huweka saa maalumu za utulivu. Ya pili huweka kikomo cha sauti kwa desibeli. Ya tatu haitaji saa wala kipimo, bali hukataza kelele inayowasumbua wengine kupita kiasi, na kuiachia kamati kazi ya kuamua kilichopita kiasi ni kipi. Mfano unaotumika ni wa Kenya, hususan majengo ya kupanga na ya kumiliki jijini Nairobi, kwa kuwa sheria ya nchi hiyo imezikusanya aina zote tatu mahali pamoja. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo iliyokithiri, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, zilitenganisha mchana na usiku, zikapanga viwango vya desibeli kwa kila aina ya eneo, na juu ya hayo zikakataza kwa jumla kelele yoyote kubwa isiyo na sababu, yenye kuondoa raha, mapumziko, afya au usalama wa wengine. Serikali inaweza kuzibeba zote tatu kwa sababu ina wakaguzi na vifaa. Kamati yenye bawabu mmoja na daftari moja inalazimika kuamua ni ipi itakayobeba uzito, na nyingine zibaki kuisaidia.

Vigezo vya ulinganisho

Kila aina inapimwa hapa kwa mambo matano. La kwanza ni kueleweka, yaani kama mkazi anaweza kujua kabla ya kutenda kwamba atakuwa amekosa. La pili ni ushahidi, maana lazima mtu fulani asimame kwenye korido usiku wa manane na kuthibitisha jambo. La tatu ni gharama, ikiwemo fedha, muda na usingizi wa atakayesimamia. La nne ni usawa kati ya watu wenye ratiba tofauti, kama vile muuguzi wa zamu ya usiku, mzazi wa mtoto mchanga na mkazi anayeamka kula daku mwezi wa Ramadhani. La tano ni nguvu ya kisheria, yaani kama kanuni hiyo ina pa kuegemea nje ya geti mambo yakishindikana ndani.

Vigezo hivi havina uzito sawa. Kwa maoni yangu ushahidi ndio unaovunja kanuni nyingi, kwa kuwa kanuni nzuri isiyothibitishika hugeuka kuwa neno la mtu mmoja dhidi ya la mwenzake, na hapo mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda mara mbili.

Saa maalumu za utulivu

Kueleweka. Hapa ndipo aina hii inapowashinda wenzake. Kila mtu ana saa, na hakuna mgeni atakayedai kwamba hakujua kuwa saa sita imeshapita. Ugumu uko katika kuichagua saa yenyewe. Katika kanuni za Kenya za 2009, usiku huanza saa mbili na dakika moja na kuendelea hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kanuni za Uganda za mwaka 2003 huuanza saa nne, na Ujerumani nako mapumziko ya usiku ni kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili alfajiri. Kamati ya Nairobi ikiweka saa nne itakuwa imefuata mazoea ya watu wengi, maana saa mbili ndiyo kwanza watu wanashuka kwenye matatu, watoto wanakula na taarifa ya habari inaendelea. Hata hivyo inafaa tangazo liseme wazi kwamba saa nne ni makubaliano ya ndani, na kwamba halimpi yeyote ruhusa ya kupiga kelele iliyokatazwa na sheria kati ya saa mbili na saa nne. Kazi za ujenzi zinahitaji saa yake ya mapema zaidi. Kanuni zile zile huhesabu usiku wa maeneo ya ujenzi kuanzia saa kumi na mbili na dakika moja jioni, na mtu yeyote aliyewahi kukaa chini ya sakafu inayotobolewa kwa drili anajua kwa nini.

Ushahidi. Saa huthibitisha wakati, lakini haithibitishi kelele. Neno "kelele" likiachwa hivi hivi, mmoja atasema ni muziki, mwingine atasema hata kicheko ni kelele. Dawa yake ni kutaja matendo. Kanuni inaweza kukataza muziki unaosikika koridoni mlango ukiwa umefungwa, kutoboa ukuta, kupigilia misumari, kuburuta samani, kutwanga kwenye kinu, na kuwasha jenereta la binafsi wakati umeme upo. Kigezo cha kusikika nje ya mlango uliofungwa kina faida kubwa, kwa kuwa bawabu hahitaji kifaa chochote isipokuwa masikio yake na daftari la kuandika saa, ghorofa, namba ya mlango na alichokisikia. Wakiwa wawili, bawabu na mkazi mwingine asiyehusika, maandishi yao huwa mazito vya kutosha kwa kikao chochote cha kamati.

Gharama. Ni ndogo mno. Karatasi, daftari na maelekezo ya dakika kumi kwa mabawabu wa zamu zote mbili.

Usawa. Hapa ndipo udhaifu wake ulipo. Saa za utulivu zimetungwa kwa mtu anayelala usiku. Muuguzi aliyerudi kazini saa mbili asubuhi haokolewi nazo, na anayepiga ngoma saa nane mchana anaweza kumwambia kwamba kanuni iko upande wake. Kinyume chake, saa huweza kumkamata asiyestahili, kama mama anayeamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa maandazi ya kuuza, au familia inayopika daku. Mtoto mchanga anayelia hana saa, na kanuni yoyote inayomwacha mzazi wake aandikwe kwenye daftari imeandikwa vibaya. Kamati inayochagua aina hii ipange mapema orodha fupi ya sauti za maisha ya kawaida zisizohesabiwa kosa.

Nguvu ya kisheria. Inapata msaada kwa sababu sheria yenyewe hutenganisha mchana na usiku. Hata hivyo kanuni ya ndani haina meno yake yenyewe, huyapata kutoka kwenye hati iliyoibeba. Katika jengo la wamiliki, hati hiyo ni kanuni ndogo za shirika la wamiliki linaloundwa chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo. Tanzania ina sheria yake ya jambo hilo ya mwaka 2008. Katika jengo la kupanga, hati hiyo ni mkataba wa upangaji. Faini iliyotangazwa kwenye lifti peke yake, bila kuwemo katika mojawapo ya hati hizo, ni vigumu kumdai mtu aliyekataa kulipa.

Inawafaa zaidi wakazi wa majengo makubwa ya kupanga, ambako watu huingia na kuhama kila mwezi na hakuna muda wa kumfahamu kila mmoja.

Kikomo cha desibeli

Kueleweka. Namba huonekana kama ndiyo njia ya haki kuliko zote, kwa sababu haijui sura ya mtu wala dini yake. Tatizo ni kwamba wakazi wachache mno wanajua 35 ni nini wakiisikia. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Spika ya pili inayofanana na ya kwanza ikiwashwa, kipimo hupanda kwa desibeli 3 tu, ingawa nishati ya sauti imekuwa maradufu, na inahitajika nyongeza ya karibu desibeli 10 kabla ya sikio la kawaida kuona kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili. Mazungumzo ya kawaida ya watu waliosimama karibu hufika takriban desibeli 60. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulipendekeza kwamba chumba cha kulala kisizidi desibeli 30 kwa sauti ya mfululizo, na 45 kwa kishindo cha mara moja.

Kanuni za Kenya za 2009 ziliweka, kwa maeneo ya makazi, desibeli 50 nje ya nyumba na 45 ndani wakati wa mchana, na 35 usiku kote kuwili. Namba hiyo ya usiku ni kali. Kwenye jengo lililo kando ya barabara ya Thika, au karibu na kituo cha matatu, magari, mbwa na upepo pekee yao huweza kuivuka bila mkazi yeyote kuwasha redio. Kamati ikiinakili 35 na kuibandika kama ilivyo, kila mtu atakuwa mkosaji kila usiku, na kanuni inayomkosesha kila mtu haimzuii yeyote.

Ushahidi. Njia iliyo bora zaidi ni kulinganisha kuliko kutafuta namba moja. Uingereza, kwa mfano, katika sheria yake ya kelele ya mwaka 1996 ilipima ndani ya nyumba ya mlalamikaji kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, na mahali palipokwisha kuwa na sauti za kawaida zinazozidi desibeli 24, kikomo kiliwekwa desibeli 10 juu ya sauti hizo. Kamati inaweza kuiga mantiki hiyo bila kuiga namba. Pima muziki ukiwa umewashwa, omba uzimwe, kisha pima tena mahali pale pale. Tofauti ikiwa desibeli 3, muziki na mazingira vinachangia sawa. Tofauti ikifika 10, karibu sauti yote iliyopimwa inatoka kwenye muziki, na mjadala umekwisha.

Kuna mtego wa besi, yaani sauti nzito za chini, ambao watu wengi huuangukia. Vipimo vingi huonyesha desibeli zilizorekebishwa kufuata usikivu wa sikio, na marekebisho hayo hupunguza takriban desibeli 26 kwenye mtetemo wa hezi 63, ambao ni ule ule unaotikisa vioo vya dirisha. Mlalamikaji anasema kitanda kinatetemeka, mpimaji anaangalia kifaa na kusema hakuna kitu, na wote wawili wanasema kweli. Jiji la New York lilipofanyia marekebisho kanuni zake za kelele, zilizoanza kutumika Julai 2007, muziki wa mabaa ulipewa kikomo cha desibeli 42 ndani ya nyumba ya jirani, na besi ikapewa kikomo chake cha pekee. Kamati isiyo na kifaa chenye uwezo wa kupima kwa mizani ya C, ambayo haipunguzi besi kwa kiasi hicho, itegemee ushahidi mwingine kwa malalamiko ya aina hii.

Vishindo ni shida nyingine. Visigino sakafuni, viti vinavyoburutwa na mpira wa mtoto husafiri kupitia zege na kuonekana vidogo kwenye wastani wa kipimo, hali wa chini ameamka mara sita.

Gharama. Ndiyo aina ghali kuliko zote. Programu ya simu inasaidia kuonyesha kama sauti imepanda au imeshuka, lakini maikrofoni za simu hutofautiana, na mshtakiwa yeyote mwenye akili atauliza ni nani aliyeisawazisha. Kifaa cha kweli kinahitaji kununuliwa, kusawazishwa mara kwa mara na kushikwa na mtu aliyefundishwa, ambaye pia yuko tayari kuamka saa nane usiku.

Usawa. Ni nzuri kwa upande mmoja, maana kelele ya mwenyekiti hupimwa kwa kifaa kile kile kinachopima ya mpangaji mpya, na kikomo cha mchana humlinda kidogo muuguzi anayelala saa nne asubuhi. Kwa upande mwingine, namba haitofautishi kilio cha mtoto na muziki wa sherehe.

Nguvu ya kisheria. Ni kubwa pale suala linapotoka nje ya jengo. Afisa wa mazingira wa kaunti au mkaguzi wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, atapima kwa kifaa chake mwenyewe, lakini kumbukumbu za wakazi za wiki kadhaa, zenye tarehe, saa, mahali palipopimwa na kipimo cha kabla na baada, humwonyesha aje siku gani na saa ngapi. Hilo peke yake ni nusu ya kazi, kwa kuwa malalamiko mengi hufa pale afisa anapofika Jumanne mchana kukagua kelele ya Ijumaa usiku.

Inawafaa wakazi wanaosumbuliwa na chanzo kimoja kisichohama, kama baa, kinu cha kusaga, jenereta la jengo la jirani au mashine za kupoza hewa.

Kigezo cha usumbufu

Kueleweka. Kanuni ya aina hii husema takriban hivi: mkazi asifanye kelele ambayo mtu wa kawaida, akizingatia wakati na mahali, angeiona inawanyima wengine utulivu. Kabla ya kosa haimwambii mtu mengi. Hata hivyo inaweza kunolewa kwa kuorodhesha mambo ambayo kamati itayaangalia, na hapo kanuni za 2009 zinatoa orodha iliyokwisha kufikiriwa: wakati wa siku, ukaribu na makazi, kama kelele hujirudia au ni ya mfululizo, ukubwa na uzito wake, kama imekuzwa kwa mitambo, na kama ingeweza kudhibitiwa bila taabu wala gharama kubwa. Jambo hilo la mwisho linastahili kupewa nafasi ya mbele. Anayeweza kuondoa usumbufu kwa kupunguza sauti au kwa kutandika zulia chini ya spika, akakataa, amejihukumu mwenyewe. Anayeishi na mgonjwa anayepiga mayowe usiku hana njia nyepesi ya aina hiyo.

Ushahidi. Haitegemei kifaa, inategemea watu. Malalamiko yaandikwe na yatoke kwa kaya mbili zisizo na uhusiano, na anayelalamikiwa asikilizwe kabla ya uamuzi. Pasipo utaratibu huo, kigezo hiki hugeuka fimbo ya kumchapia asiyependwa. Hatari hiyo ni ya kweli katika majengo yenye watu wa makabila, dini na vipato tofauti, ambako muziki wa mmoja ni "kelele" na nyimbo za mwingine ni "ibada", ingawa ukuta unaotenganisha vyumba vyao ni ule ule.

Gharama. Fedha hazihitajiki. Vikao vinahitajika, na vikao vina uchovu wake.

Usawa. Ikisimamiwa vyema, ndiyo inayoona watu kuliko aina nyingine zote. Inaweza kumwambia mpiga ngoma wa saa nane mchana kwamba jirani yake wa zamu ya usiku naye ni mkazi, na wakapatana siku za kupiga na siku za kunyamaza. Inaweza pia kutambua kwamba daku ni kwa mwezi mmoja na kwamba vyombo jikoni si sherehe. Ikisimamiwa vibaya, hakuna aina inayoumiza zaidi yake.

Nguvu ya kisheria. Inafanana sana na katazo la jumla la kanuni za 2009. Inafaa hapa kusahihisha dhana moja inayojirudia kwenye vikao. Sheria ya ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inamhakikishia mpangaji umiliki wa amani na utulivu katika kipindi chote cha mkataba, na wengi husoma neno "utulivu" kama ahadi ya ukimya. Ahadi hiyo inamhusu mwenye nyumba na wanaodai haki kupitia kwake, wasimwingilie mpangaji. Haimfanyi mwenye nyumba awe mdhamini wa kila redio iliyo jirani.

Inawafaa wakazi wa majengo madogo, ploti zenye familia chache au fleti za wamiliki waliokaa pamoja miaka mingi, ambako mtu anaweza kusema, "Jirani, jana hatukulala," na mwenzake akaona haya.

Harusi, matanga na mkesha

Aina yoyote itakayochaguliwa inahitaji mlango wa kutokea, la sivyo itavunjwa mara ya kwanza kunapokuwa na jambo. Sheria ya Kenya yenyewe ina mlango huo, kwani kanuni za 2009 zinaruhusu kuombwa kwa leseni ya kuvuka viwango, isiyozidi siku saba. Ndani ya jengo, kibali cha kamati kinaweza kuwa karatasi moja yenye tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza muziki, na namba ya simu ya mtu mzima atakayekuwa hapo na atakayepokea simu hiyo. Harusi na sherehe za kuzaliwa ziombewe kibali siku kadhaa mbele. Matanga hayapangwi, kwa hiyo taarifa ya siku ile ile itoshe, na jengo lenye ubinadamu halitahitaji kuambiwa hivyo. Idadi ya vibali kwa kaya moja kwa mwaka iwekewe kikomo, kwa sababu wapo wanaosherehekea kila Jumamosi.

Kibali cha kamati hakiwi ngao dhidi ya serikali. Anayefunga spika uani na kuukesha mtaa mzima bado anahitaji ruhusa ya mamlaka.

Kwa hali ipi, kanuni ipi

Kama mnaishi katika jengo lenye milango mingi, wapangaji wanaobadilika na mwenye nyumba asiyekaa hapo, anzeni na saa za utulivu zilizotajwa ndani ya mkataba wa upangaji, pamoja na orodha ya matendo na kigezo cha kusikika nje ya mlango uliofungwa. Wekeni saa moja kwa siku za kazi na nyingine kwa mwisho wa juma mkiona inafaa, lakini zisizidi mbili, maana ratiba ndefu haisomwi.

Kama ni fleti chache za wamiliki, tungeni kigezo cha usumbufu ndani ya kanuni ndogo za shirika lenu, mkiambatisha mambo ya kuzingatia na utaratibu wa kumsikiliza mlalamikiwa. Saa za utulivu zinaweza kuwemo kama dalili tu, yaani muziki wa baada ya saa nne uhesabiwe usumbufu mpaka mwenyewe aonyeshe vinginevyo.

Kama miongoni mwenu kuna wanaolala mchana, saa za usiku pekee hazitawafaa. Ongezeni kigezo cha usumbufu kwa saa za mchana, au pataneni kwa maandishi kati ya milango inayohusika bila kuligeuza suala kuwa la jengo zima.

Kama kinachowasumbua ni vishindo vya ghorofa ya juu, wekeni kando namba zote. Suala hilo hutatuliwa kwa zulia, raba chini ya miguu ya viti na mazungumzo, na kanuni iwe ya kudai hatua hizo pale zinapowezekana kwa gharama ndogo.

Kama chanzo kiko nje ya geti, kanuni zenu za ndani hazimfungi mtu huyo. Hapo ndipo kipimo cha desibeli kinapolipa gharama yake. Wekeni kumbukumbu kwa wiki mbili au tatu, kisha mpeleke malalamiko kwa kaunti, kwa kuwa jedwali la nne la Katiba ya Kenya ya 2010 liliweka udhibiti wa uchafuzi wa kelele miongoni mwa kazi za kaunti. Mwishoni mwa mwaka 2022 gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, alitangaza kufutwa kwa leseni za klabu za usiku zilizo ndani ya maeneo ya makazi, jambo linaloonyesha kwamba leseni ndiyo sehemu ambayo kaunti inaweza kuishika biashara. Kwa hiyo barua yenu itaje jina la biashara na iulize leseni yake inaruhusu shughuli gani na hadi saa ngapi. Sheria ya mwaka 2016 kuhusu haki ya kupata habari huipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la namna hiyo. Kaunti isipochukua hatua, kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba amepata hasara au madhara. Njia hiyo ya mwisho ni ndefu na ina gharama zake, na huwafaa zaidi wakazi wanaokwenda wakiwa wengi kuliko mtu mmoja aliyechoka.

Na kama bado hamjaafikiana, jaribuni saa za utulivu kwa miezi mitatu huku bawabu akiandika kila tukio kwenye daftari. Mkilifungua mwishoni mtaona kama malalamiko yanahusu muziki wa usiku, vishindo, mchana au baa ya jirani, na mtajua ni kipi cha kuongeza.